Daktari Gia Ashuka Bila Gia

SEHEMU YA TISA

Wiki iliyopita, wasomaji wangu, tulimwacha Ntim Bediako kwenye kona ya kwanza ya mlima wa Kwahu, mguu wake ukiwa juu ya breki na breki ikiwa imezama hadi sakafuni bila kusimamisha kitu chochote. Baadhi yenu mmeniandikia mkilalamika kwamba nimewanyima usingizi. Poleni sana. Nilikatwa pale pale ili ipatikane nafasi ya tangazo la magodoro.

Kwa waliochelewa kupanda, habari yenyewe ni fupi. Ntim anataka kumwoa Serwaa. Ameshashindwa mara mbili kufika na wazee wake kubisha hodi, yaani kuposa: mara ya kwanza gari halikuwaka, mara ya pili liliishiwa petroli mbele ya kituo cha petroli kilichofungwa. Baba yake Serwaa, Mzee Obuobi wa Nkawkaw, mji ulio chini ya mlima, ameapa kwamba Jumamosi hii ndiyo ya mwisho. Kuna mwanamume mwingine, Darkwa, muuza vipuri, naye anabisha leo leo. Wazee watakaotangulia uani kabla jua halijafika utosini ndio watakaosikilizwa.

Na Ntim huyo huyo ndiye Daktari Gia, mtangazaji wa kipindi cha "Gari Lako, Roho Yako" katika redio ya Abetifi. Kila Jumamosi asubuhi anawafundisha madereva wa mlimani kutunza magari yao. Lake mwenyewe, boneti aliifungua mara ya mwisho alipokuwa akimtafuta paka wa jirani.

Haya. Twende, maana gari halisimami.

"Mbona hatusimami?" Mama Mkubwa Adwubi aliuliza kutoka kiti cha nyuma. Alikuwa amezipakata chupa mbili za snapsi, pombe kali, zile za kubishia hodi, zimefungwa utepe mweupe.

"Tunasimama, Mama Mkubwa."

"Mimi naona miti inazidi kukimbia."

Mjomba Nkansah alikuwa kiti cha mbele, ameng'ang'ania mshikio wa juu ya mlango kwa mikono yote miwili. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo wa mama. Bila yeye hakuna hodi, na bila hodi hakuna Serwaa.

"Ntim, umetia gia gani?"

Ntim aliukaza usukani. Tangu walipoanza kuteremka kutoka Mpraeso hakuwa ametia gia yoyote. Mkwahu akiona mteremko anaona petroli ya bure, na Ntim ni Mkwahu wa pande zote mbili. Alikuwa ameitoa gia, akaliacha gari lianguke lenyewe, uzito wote ukazuiwa na breki peke yake. Breki ikazuia, ikazuia, ikapata moto. Mafuta yake yaliyozeeka yakachemka, na sasa pedali ilikuwa ikikanyaga hewa.

"Umeshuka bila gia?" Mjomba aling'amua.

"Nilikuwa nabana petroli, Mjomba."

"Hilo ni jambo jema," Mjomba alisema kwa mazoea, kisha akaliona bonde. "Tunakufa! Zima gari! Zima!"

Akaunyoosha mkono kuelekea ufunguo.

"Usizime injini!" sauti ilinguruma ndani ya gari.

Haikuwa ya Ntim. Yaani, ilikuwa ya Ntim, ila ilitoka redioni. Kipindi cha leo alikirekodi jana, na kwa kuwa Jumamosi watu wote wa juu hushuka kwenda mazikoni na sokoni, alichagua kuzungumzia mteremko. Najua mtasema mwandishi amelipanga hili. Nimelipanga, ndiyo kazi niliyopewa.

"Ndugu msikilizaji," Daktari Gia aliendelea kwa sauti nzito, ambayo Ntim huitoa akiwa mbele ya kipaza sauti tu, "ukikosa breki mlimani, mkono wowote ukienda kwenye ufunguo, upige kofi!"

Mama Mkubwa alijipinda kutoka nyuma akampiga Mjomba kofi la mkono.

"Ukizima injini, usukani unakuwa mzito, na breki inakosa hata msaada mdogo iliobaki nao. Kanyaga, achia, kanyaga, achia, haraka haraka. Huenda ikaokota kitu."

Ntim alikanyaga, akaachia, akakanyaga. Haikuokota kitu.

"Fanya anavyosema!" Mama Mkubwa alipiga kelele.

"Ni mimi huyo, Mama Mkubwa!"

"Muongo! Yule ana akili. Wewe msikilize tu!"

"Sasa tia gia," alisema yule mwenye akili. "Shuka moja moja. Usirukie ya kwanza kwa woga, gari litakuyumbia. Ya tatu kwanza, acha injini ilivute gari nyuma, kisha ya pili. Injini italia. Iache ilie, bora yeye kuliko mama yako."

Ntim alitia ya tatu. Injini ikapiga ukelele, miili yao ikavutwa mbele, Mama Mkubwa akazikumbatia chupa. Mbele yao lori la ndizi lilikuwa likipanda polepole, limeijaza njia.

"Piga honi, washa taa zote! Usione haya. Wajulishe wenzako kwamba huna breki."

Ntim alilalia honi. Dereva wa lori alitoa kichwa dirishani, akaona sura tatu zenye vinywa wazi, akasogea hadi tairi lake likagusa mtaro. Walipita. Kati ya magari yale mawili usingeweza kupitisha gazeti hili, hata ukurasa wa michezo peke yake.

Gia ya pili. Gari likatulia kidogo, likawa linashuka kwa kunung'unika.

"Kaa upande wa mlima, si upande wa bonde. Ukilikwaruza gari, fundi wa rangi yupo. Halafu breki ya mkono, taratibu, taratibu, kama unayemvuta ng'ombe usiyemjua."

Upande wa kulia wa gari ulisugua ukuta wa mlima kwa sauti ya kutia meno ganzi. Kioo cha pembeni kilibaki nyuma. Ntim alitia ya kwanza, akavuta breki ya mkono kidogo kidogo, na chini kidogo ya kona ya tatu, mahali barabara inapotanuka, gari liliguna mara ya mwisho likasimama.

Moshi ulianza kupanda kutoka kwenye magurudumu.

"Na sasa tupate muziki kidogo," alisema Daktari Gia.

Ntim aliuachia usukani. Alitaka kulia, kikatoka kicheko kibaya. Alimpenda Serwaa kwa moyo wake wote, na kwa ajili ya petroli isiyojaza hata kikombe alikuwa karibu kumkosa yeye na kuwazika wazee wawili kwa mpigo.

Mjomba hakucheka. Alikuwa akiitazama dashibodi, mahali palipobandikwa stika ya duara. Aliikwangua kwa ukucha. Chini yake taa nyekundu ilikuwa ikiwaka.

"Hii ni taa ya nini?"

"Ya breki, Mjomba."

"Imeanza kuwaka lini?"

"Muda kidogo. Ilikuwa inaniumiza macho."

Mjomba aliigeuza ile stika akaisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma wosia. "Gari Lako, Roho Yako. Usipuuze Taa Nyekundu."

Ntim aliona afadhali kushuka.

Alifanya yote aliyowahi kuyasema redioni na hakuwahi kuyafanya. Aliikaza breki ya mkono hadi mwisho. Alitafuta jiwe, akapata moja zito, bapa, akalisukumiza mbele ya tairi. Aliwatoa wazee ndani ya gari akawakalisha juu ya ukingo, mbali na barabara. Kisha akafungua buti akatoa pembetatu nyekundu ya tahadhari, ikiwa bado ndani ya nailoni yake. Aliinunua siku moja na mtungi wa kuzimia moto, vyote viwili kwa ajili ya kuwaonyesha askari wa barabarani.

"Kata na matawi," Mama Mkubwa aliagiza. "Dereva wa huku asipoona majani barabarani hajui kama kuna ubaya."

"Nitakata, Mama Mkubwa. Ninyi msiguse chochote. Na mtu asimwagie maji magurudumu, chuma cha moto kitapasuka."

"Maji hatumwagi," alisema Mjomba.

Ntim alipanda mlima hadi ng'ambo ya kona, ili anayeshuka aone hatari kabla ya kuifikia. Aliweka matawi, akaweka pembetatu. Aliitazama kwa fahari kidogo. Ndipo aliposikia Mjomba akisema kwa sauti kubwa, sauti ya hadhara.

"Mababu! Njooni mnywe! Mmetutoa kwenye kinywa cha bonde, asanteni! Adwubi kapona, mimi nimepona, hata huyu mpumbavu kapona, njooni mnywe!"

Ntim alikimbia. Alifika kwenye kona akamwona Mjomba amesimama kando ya gurudumu la mbele, kitambaa cha sherehe alichojitanda ameshakishusha begani kwa heshima, mkononi ana chupa ya snapsi iliyofunguliwa, akiimimina chini kwa ajili ya wafu.

"Mjomba, si hapo!"

Tone la mwanzo lilikuwa la ardhi. La pili lilirukia chuma cha breki. Kikasikika kishindo kidogo, na mwali wa bluu ukapanda kwenye gurudumu.

"Wamepokea!" Mjomba alisema kwa furaha, kisha kitambaa chake kikaanza kufuka.

Ntim alivuta mtungi wa kuzimia moto, akang'oa pini, akabonyeza. Mtungi ulitoa pumzi moja ndefu ya mtu aliyechoka na dunia, basi. Alibonyeza tena. Mtungi ulikuwa umeshamaliza.

"Udongo!" alipiga kelele, na Mama Mkubwa alikuwa ameshavua kiatu anachota mchanga wa mtaroni. Walimwaga mchanga juu ya gurudumu, juu ya kitambaa cha Mjomba na, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, juu ya kichwa cha Mjomba pia. Moto ulikufa.

Walipumua. Chupa ilikuwa imelala chini, tupu.

"Hodi inabishwa kwa chupa mbili," Mama Mkubwa alisema kwa sauti ya chini.

"Mababu hawakuwa na budi kushukuriwa," Mjomba alijitetea, mchanga ukimdondoka masikioni.

"Wangeshukuriwa jioni! Wamekufa miaka yote hiyo, jioni ingewachelewesha nini?"

Jua lilikuwa likipanda. Nkawkaw ilionekana chini kabisa, mabati yanang'aa, na mojawapo ya mabati yale lilikuwa la Mzee Obuobi. Ntim alilitazama hadi macho yakamuuma. Magari yalipita, madereva wakapunga mikono wakaendelea. Wawili walimtambua.

"Daktari Gia! Unafanya mafunzo kwa vitendo?"

"Ndiyo!" alijibu. Angesema nini?

Magurudumu yalipoacha kutoa moshi, aliingia garini. Alitoa gia, akawasha injini, akakanyaga breki. Pedali ilikuwa imerudi. Ilikuwa juu, ngumu, ya kutia moyo. Alikanyaga tena. Ngumu.

"Imerudi?" Mjomba aliuliza, tayari ana mkono kwenye mlango.

"Imerudi."

"Basi twende! Tutawahi!"

Wangewahi kweli. Zimebaki kona chache, tena angeshuka kwa gia ya pili njia nzima. Ntim alimwona Serwaa kichwani mwake, amejificha nyuma ya pazia, anachungulia njia. Alimwona na Mama Mkubwa kwenye kioo, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi kimejaa mchanga, na ile chupa moja iliyosalia kwapani.

Redioni muziki ulikwisha.

"Breki iliyopotea ikarudi haijapona, ndugu msikilizaji. Imepoa tu. Mafuta yake yameshaungua, ukiitesa tena itakukimbia pale pale unapoihitaji. Usiiamini. Mwite fundi."

"Huyu kijana anaongea sana," Mjomba alisema.

Ntim alizima injini, redio akaiacha kwa ajili ya muziki. Ilimuuma. Niseme wazi, ilimuuma kuliko lile bonde.

"Hatuendi, Mjomba."

"Serwaa je?"

"Siwezi kumwoa kwa roho zenu."

Mama Mkubwa alikung'uta mchanga kwenye kiatu chake. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimesikia yule wa redioni akiongea kwa mdomo wako," alisema, akavaa kiatu.

Na hapo ndipo pikapu nyeupe ilipojitokeza kwenye kona, ikapunguza mwendo kwa sababu ya matawi, ikasimama. Ndani kulikuwa na wazee watatu waliovaa vitambaa vya sherehe. Nyuma ya usukani alikaa Darkwa, amejipaka mafuta mpaka kwenye shingo, na kando yake chupa mbili za snapsi zenye utepe wa dhahabu.

"Daktari Gia!" alisema. "Leo mgonjwa nani?"

"Mimi," Ntim alisema.

Darkwa alicheka. Alitaka kucheka vibaya, lakini si mtu mbaya, na hilo lilizidi kumchoma Ntim. Alishuka akalizunguka gari, akaona rangi iliyochunika, kioo kilichokatika, gurudumu lililofukiwa mchanga.

"Nina kamba," alisema. "Nikuvute hadi chini."

"Gari lisilo na breki halivutwi kwa kamba mteremkoni. Litakuja kukugonga mgongoni."

"Hilo nalo umelisoma wapi?"

"Nimelitangaza wiki iliyopita."

Darkwa alijikuna shingo. "Basi huwezi kuwaacha wazee juani. Wapande kwangu. Twende wote."

Mjomba na Mama Mkubwa walimtazama Ntim. Kubisha hodi ni kazi ya wazee. Mwoaji akiwepo sawa, asipokuwepo sawa. Wakifika, hata kwa chupa moja, hata kwa gari la adui, watakuwa wamefika. Ntim aliyameza yote mawili, aibu na tumaini, kwa pamoja.

"Nendeni," alisema. "Mjomba, waambie chupa ya pili inakuja."

"Nitawaambia imekwenda kwa mababu."

"Usiwaambie hivyo."

Pikapu iliondoka. Ntim aliwatazama wazee wake wakiteremka na wazee wa mwenzake, Mama Mkubwa ameshaanza kumsimulia Darkwa mambo yote. Kicheko cha Darkwa kilisikika hadi kona ya nne.

Hapo hapo lori la saruji likashuka kwa kishindo, na upepo wake ukaiangusha pembetatu. Ntim alipanda kuiinua. Ikaanguka tena. Ilihitaji uzito. Alirudi chini, akaokota jiwe zuri, bapa, la karibu, akalipandisha hadi ng'ambo ya kona akalikalisha juu ya miguu ya pembetatu. Sasa haikutikisika. Alikaa kando yake, mgongo umeegemea mlima. Nyuma ya kona, redio ya gari lake ilikuwa ikiendelea kuwafundisha watu.

Alijichekea. Daktari Gia, mtaalamu wa nchi nzima ya Kwahu, amekaa chini na pembetatu. Akimpata Serwaa ataacha utangazaji. Au ataanza kuwa mkweli, kama hilo linaruhusiwa redioni.

Simu ililia. Ni Serwaa.

"Ntim! Uko wapi? Umeumia?"

"Sijaumia. Wazee wamefika?"

"Wamefika! Ndiyo balaa lenyewe!" Alikuwa akihema. "Wamepewa maji, wameulizwa habari za safari. Msemaji wa Darkwa ameanza kuongea na hanyamazi. Wazee wako wamekaa upande wa Darkwa kwa sababu wameshuka gari moja. Mezani kuna chupa tatu. Baba amefurahi, anasema hajawahi kuona ukoo mkubwa namna hii ukija kwa hodi moja!"

"Anadhani..."

"Anadhani wazee wako wamemsindikiza Darkwa! Mjomba wako kila akifungua mdomo anaambiwa angoje zamu yake. Na mimi nitaitwa niulizwe kama vinywaji vipokelewe. Nikisema ndiyo, nimeolewa na Darkwa. Nikisema hapana, nimewafukuza na wako. Niseme nini, Ntim?"

Ntim aliibana simu sikioni. Redio nyuma ya kona ilianza kufifia. Betri hiyo, aliwaza, inakwisha, na betri nayo aliwahi kuizungumzia.

"Sema ukweli," alisema. "Sema chupa moja ni yangu. Sema ya pili niliipoteza. Sema nilishuka mlima bila gia, kwa ubahili, nikakaribia kuwaua, na ndiyo maana siko hapo. Akinikataa, anikatae mimi mwenyewe, si yule wa redioni."

Sauti ya Serwaa ikawa laini.

"Utayasema mwenyewe. Mimi nimetoka kwa mlango wa jikoni. Nimechukua pikipiki, nakuja kukuchukua."

"Unakuja? Uko wapi sasa?"

"Tumeshapanda nusu. Nimepita kona mbili, hii ya tatu kutoka chini tumesimama, mnyororo umechomoka. Dereva anaurudisha."

"Mmesimama wapi? Pembeni?"

"Katikati ya kona, ndipo penye kivuli."

"Serwaa, tokeni barabarani. Wekeni hata majani."

"Ni mnyororo tu, Daktari, si mazishi! Na gari lako, umeliacha salama?"

"Salama kabisa," alisema Ntim, akainuka akajipangusa suruali. "Breki ya mkono nimeikaza mwenyewe. Nimeweka na..."

Aliitazama pembetatu. Alilitazama jiwe lililokaa juu ya miguu yake. Zito, bapa. Alilijua jiwe lile.

Alikimbia akaizunguka kona.

Mchanga ulikuwepo. Chupa tupu ilikuwepo. Gari halikuwepo.

Kutoka chini, mbali kidogo na kila dakika mbali zaidi, sauti nzito ilipanda ikipiga mwangwi kwenye ukuta wa mlima. "...kwa maana breki ya mkono iliyokazwa ikiwa ya moto hulegea ikipoa, ndugu msikilizaji. Kwa hiyo usiliache gari bila gia, na lile jiwe usiliondoe..."

"Serwaa!" Ntim alipiga kelele kwenye simu, huku akikimbia. "Serwaa, tokeni barabarani!"

"Mbona unapiga kelele?" Serwaa alicheka, kwa furaha ya mtu aliyesubiri sana. "Nakusikia bila hata simu. Kumbe gari limepona? Nasikia sauti yako, Ntim, inakuja!"